Kandy, Mji Ulioachiwa Adui

Mgeni anayepanda hadi Kandy akitarajia ngome ataitafuta asiione. Mji huu wa milimani, katikati ya Sri Lanka, ndio uliokuwa makao ya wafalme wa mwisho wa kisiwa hicho. Ulipigana na Wareno, ukapigana na Waholanzi, na Waingereza hawakuumiliki kwa hakika ila mwaka 1815. Mtu angedhani mji wenye historia ya namna hiyo una maboma, minara na mizinga iliyoelekezwa bondeni. Kilichopo ni ziwa lililotengenezwa kwa kuziba bonde la mpunga, hekalu lenye paa la dhahabu, ukumbi wa baraza wenye nguzo za mbao zilizochongwa, na ukuta mweupe mfupi unaofuata ukingo wa ziwa. Ukuta huo juu yake umefinyangwa mawimbi mawimbi, na wenyeji huuita ukuta wa mawingu. Ukiusogelea utaona umetobolewa vishimo vya pembetatu, safu juu ya safu, kana kwamba ni vya mitutu ya bunduki. Sivyo. Ni vya kuwekea vijitaa vya mafuta usiku wa sikukuu.

Mfalme aliyejenga ziwa lile na kuta zile, Sri Vikrama Rajasinha, hakuwa mtu asiyejua vita. Miaka michache kabla ya kuanza ujenzi huo, Waingereza walikuwa wameuingia mji wake na yeye mwenyewe akalazimika kukimbia. Aliporudi alijenga mahali pa kuwasha taa. Watu wengi wamelisoma jambo hilo kuwa ni upumbavu wa mtawala mwenye majivuno. Mimi nalisoma vingine: Kandy haikujengwa ili ilindwe, ilijengwa ili iweze kuachwa. Kwa zaidi ya karne mbili wafalme wake walimwachia adui majumba, ghala na hata mizinga, wakaingia msituni na kitu kimoja tu ambacho hakikuwa na badala, nacho ni jino linaloaminiwa kuwa la Buddha. Adui akikalia mji, alikuwa amekalia majengo. Ufalme ulikuwa umekwisha kuondoka.

Tabia hiyo ni ya kale kuliko Kandy yenyewe. Mapokeo yanasema jino liliokolewa baada ya mwili wa Buddha kuchomwa, likatunzwa Kalinga, mashariki mwa India, na katika karne ya 4 binti mfalme Hemamala na mumewe Danta wakalivusha bahari hadi Anuradhapura likiwa limefichwa ndani ya nywele za binti huyo. Safari ya Hemamala ni ya kuaminiwa na anayetaka kuiamini; yaliyofuata yanaonekana waziwazi katika historia. Kila makao makuu yalipohama, jino nalo lilihama: Anuradhapura, Polonnaruwa, Dambadeniya, Yapahuwa, Gampola, Kotte. Mwaka 1284 jeshi la Wapandya kutoka kusini mwa India liliingia Yapahuwa na kuondoka nalo, na kumbukumbu za watawa zinasema Parakramabahu wa Tatu ilimbidi aende mwenyewe kwa yule aliyemnyang'anya, akalirudisha kwa mazungumzo. Mfalme kwenda kumbembeleza adui yake ni aibu kubwa. Aliona ni heri aibu hiyo kuliko kutawala bila jino.

Sasa tazama watu wawili wa karne ya 16. Wa kwanza ni Dharmapala wa Kotte, mfalme halali kwa damu, aliyekalia kiti cha babu yake chini ya ulinzi wa Wareno. Mwaka 1557 alibatizwa. Jino likatoroshwa kutoka Kotte na kufichwa Delgamuwa, upande wa Ratnapura. Simulizi za huko zinasema lilisetiriwa ndani ya jiwe la kusagia. Dharmapala alibaki na taji na jina, lakini raia wakampa kisogo, na mwaka 1580 aliandika hati ya kumrithisha mfalme wa Ureno nchi ambayo sehemu kubwa yake haikuwa tena mikononi mwake. Wa pili ni Konappu Bandara. Huyu naye alikuwa amebatizwa na Wareno, akaitwa Dom João wa Austria, akapanda milimani pamoja na msafara wao, kisha akawageuka na kujitangaza mfalme kwa jina la Vimaladharmasuriya. Mwaka 1594, huko Danture, aliliangamiza jeshi la Wareno chini ya Pedro Lopes de Sousa, akamteka Dona Catarina, binti wa ukoo wa kifalme ambaye Wareno walikusudia kumtawaza, akamwoa. Kwa hiyo ushindi wa vita alikuwa nao, na damu ya kifalme aliipata kwa ndoa. Bado hakuona kwamba amekamilika. Alituma jino lichukuliwe Delgamuwa, akalijengea nyumba kando ya jumba lake, na akaagiza watawa kutoka Arakan waje kufufua daraja za utawa zilizokuwa zimekatika kisiwani. Mtu aliyekuwa na kila kitu alikwenda kutafuta kile alichokipoteza Dharmapala.

Tangu hapo uvamizi wa Kandy ukawa na mwendo mmoja, nao unachosha kuusimulia kwa jinsi ulivyojirudia. Wareno waliingia mjini mwaka 1638 wakakuta nyumba tupu, wakachoma jumba na hekalu, na walipokuwa wakirudi pwani Rajasinha wa Pili akawafungia njia Gannoruwa na kuwamaliza karibu wote. Mwaka 1765 ikawa zamu ya Waholanzi chini ya Gavana Van Eck. Hao nao walikuta mji umehamwa, wakapora. Miongoni mwa walichobeba ni mzinga mdogo wa shaba uliopambwa kwa dhahabu, fedha na rubi, ambao kwa miaka mingi ulikaa katika jumba la makumbusho la Amsterdam hadi Uholanzi ilipourudisha Sri Lanka mwaka 2023. Mzinga huo ni ushahidi ninaoupenda kuliko maandishi mengi. Hapa palikuwa na silaha na pambo kwa pamoja, kitu cha thamani kinachoweza kupakiwa, na Mfalme Kirti Sri Rajasinha aliondoka akauacha. Jino hakuliacha. Baada ya miezi michache homa na njaa viliwaondoa askari wa Kiholanzi, mfalme akashuka kutoka maficho, na utawala ukaendelea.

Mwaka 1803 ulikuwa wa Waingereza, na safari hii walijaribu hila ambayo waliotangulia hawakuijaribu vizuri: walikuja na mfalme wao. Jenerali Macdowall aliingia Kandy mwezi Februari, akakuta moshi na mbwa, akamweka Muttusami, mtu wa ukoo wa kifalme, juu ya kiti. Muttusami alikuwa na kiti, jumba na jeshi la kigeni la kumlinda. Jino lilikuwa milimani na Sri Vikrama. Machifu hawakuja kumsujudia, wakulima hawakuleta mchele, na mfalme huyo mpya akawa mkazi wa nyumba kubwa katika mji usio na watu. Mwezi Juni Meja Davie, aliyeachwa mjini pamoja na askari waliokuwa wakiteketea kwa homa, alisalimu amri. Akiwa ukingoni mwa mto Mahaweli uliofurika alilazimika kumtoa Muttusami, aliyeuawa, na askari wake wakauawa baada yake. Katika vita vile vya Waingereza na Kandy kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki halisikii mara nyingi. Gavana Frederick North alinunua watumwa wa Kiafrika, wengi wao wenye asili ya Msumbiji, akawafanya askari, na kikosi chao kikaingia katika jeshi la kisiwa. Wazao wa Waafrika waliofikishwa huko na Wareno, Waholanzi na Waingereza wapo hadi leo, hasa karibu na Puttalam, na bado wanaimba na kucheza manja.

Hapa mtu mwenye akili atanikatiza. Atasema nimeizungusha hoja kwenye jino wakati jibu liko mbele ya macho: milima. Mji uko kama mita 500 juu ya bahari, Mahaweli umeuzunguka pande tatu, njia zilikuwa vichochoro vya msituni vilivyozibwa kwa miiba, na homa iliua kuliko mishale. Hayo yote ni kweli, na sikatai kwamba bila milima Kandy isingedumu. Lakini milima inaeleza kwa nini jeshi la kigeni lilishindwa kukaa. Haielezi kwa nini watu waliendelea kumtii na kumlisha mfalme aliyefukuzwa kwenye mji wake. Na milima ile ile haikumzuia Rajasinha wa Kwanza wa Sitawaka, jirani wa bondeni aliyeuteka ufalme wa Kandy katika miaka ya 1580. Sitawaka ilikuwa na jeshi kali kuliko lolote kisiwani, iliwahi kuuzingira mji wa Colombo wenyewe, lakini Rajasinha alipofariki mwaka 1593 ufalme wake ulisambaratika haraka. Kandy ilikufa mara nyingi ikafufuka.

Kipingamizi cha pili ni kigumu zaidi, na kinatoka kwa shahidi mzuri. Robert Knox, baharia Mwingereza aliyekamatwa mwaka 1660, aliishi mateka milimani karibu miaka 20 kabla ya kutoroka, na kitabu chake kilichotoka London mwaka 1681 ni hazina ya maisha ya Kandy. Knox anaeleza msafara mkubwa wa kila mwaka, ndovu, ngoma na umati, lakini anaueleza kuwa ni msafara wa miungu. Jino halimo. Ikiwa jino ndilo lililokuwa roho ya ufalme, mbona mtu aliyekaa muda wote huo hakuliona likipita barabarani? Jibu ni kwamba wakati huo jino halikupita barabarani. Lilikuwa amana ya mfalme, likakaa ndani, na lilijulikana kwa kufichwa kuliko kwa kuonyeshwa. Lililolitoa nje ni shida ya karne iliyofuata. Mwaka 1739 Mfalme Narendrasinha alifariki bila mrithi aliyekubalika, na kiti kikaenda kwa shemeji yake, mtu wa ukoo wa Nayakkar kutoka Madurai, kusini mwa India. Wafalme wote wanne wa mwisho wa Kandy walikuwa wa ukoo huo: wageni, waliokulia katika Uhindu, ambao lugha ya nyumbani kwao haikuwa Kisinhala.

Wa pili wao, Kirti Sri, ndiye aliyelielewa jino kuliko mfalme yeyote aliyemtangulia. Kwa juhudi za mtawa Weliwita Saranankara aliwaleta watawa kutoka Siam mwaka 1753, wakiongozwa na Upali, na daraja kamili za utawa zikarudi. Watawa wa nyumba mbili kuu za Kandy, Malwatta na Asgiriya, wanatoka katika mlolongo huo. Wageni hao wa Siam walishangaa kuona sikukuu kubwa ya mji wa Wabuddha ikiwa ni ya miungu peke yake. Kirti Sri akaliweka jino mbele. Hadi leo katika mwezi wa Esala, Julai au Agosti, wapiga mijeledi hutangulia kufungua njia, wakafuata wenye mienge, wapiga ngoma na wachezaji, kisha ndovu wa hekalu akitandikiwa kitambaa cheupe ili asikanyage ardhi, naye amebeba kasha la dhahabu. Nyuma yake ndipo huja misafara ya Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini. Siku hizi jino lenyewe halitoki, hubebwa kasha tu. Wafalme wageni walihitaji hati ya kutawala iliyoonekana na kila mtu, na mwenye kuhitaji hati ndiye huitundika ukutani. Ukimya wa Knox basi hauvunji hoja. Unaonyesha tu kwamba nguvu ya jino ilikuwa na historia yake, ilikuzwa na watu wenye haja, na haikudondoka kutoka mbinguni ikiwa imekamilika.

Wapo pia wanaosema mjadala wote ni wa bure kwa kuwa jino la kweli lilikwisha kuteketezwa. Mwaka 1560 Wareno waliivamia Jaffna chini ya Constantino de Bragança, wakapata jino walilodai kuwa ndilo. Mfalme wa Pegu, katika nchi ya Burma, alitoa ahadi ya mali nyingi ili alikomboe, na makamu wa mfalme wa Ureno alitamani fedha hizo, lakini wakuu wa kanisa wakakataa; jino likapondwa hadharani Goa, likachomwa, na majivu yakamwagwa mtoni. Wasinhala walijibu kwamba lililopondwa lilikuwa la bandia. Nani alisema kweli si swali ambalo mwanahistoria anaweza kulijibu, na kwa hoja hii si lazima alijibu. Wareno walipiga hesabu kwamba wakiharibu kile kitu wataharibu na utii ulioshikamana nacho. Miaka 30 na ushei baadaye, Vimaladharmasuriya aliwapiga Danture kisha akalipandisha jino Kandy, na hakuna mtu milimani aliyemuuliza habari za Goa.

Kinachobaki ni mwaka 1815, na hapa hoja yangu yenyewe inabanwa. Sri Vikrama alikuwa na jino, naye akaanguka bila vita vya maana. Waingereza waliingia Kandy mwezi Februari, na siku chache baadaye mfalme akakamatwa, si na Waingereza kwanza, bali na wafuasi wa Ehelepola, aliyekuwa waziri wake mkuu. Mwaka mmoja kabla, mfalme alikuwa amewaua mke na watoto wa Ehelepola baada ya waziri huyo kukimbilia kwa Waingereza. Kisa hicho Waingereza walikisambaza kwa bidii kwa sababu kiliwafaa, lakini hakikuwa cha kubuni. Ziwa na majengo vilikuwa vimewachosha watu kwa kazi za shokoa. Kumbe kuwa na jino hakukumwokoa. Naikubali hoja hii, ila natazama machifu walidai nini walipokutana na Gavana Brownrigg katika ukumbi wa baraza tarehe 2 Machi. Hawakudai jeshi lao wala hazina. Kifungu cha tano cha mkataba kilitamka kwamba dini ya Buddha, ibada zake, watumishi wake na mahali pake vitalindwa na havitaguswa. Jino lilikuwa mkataba wa watu watatu, mfalme, machifu na watawa, na upande mmoja ulipouvunja, wawili waliobaki walimtafuta mfalme mwingine wa kutia saini. Ndiyo maana mji uliotekwa mwaka 1803 haukutekeka, na mwaka 1815 ulitekeka bila jasho.

Waingereza wenyewe hawakujua walichotia saini hadi walipochelewa. Mwaka 1817 uasi ulizuka Uva, akatokea mdai wa kiti, chifu Keppetipola akajiunga naye badala ya kumzima, na jino likatoweka Kandy. Kwa miezi mingi vita vilikuwa vichungu, vijiji vikachomwa. Kisha mwaka 1818 jino likapatikana mikononi mwa waasi na kurudishwa. Daktari John Davy, aliyekuwa na jeshi na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1821, aliandika kwamba tukio hilo liliwavunja moyo waasi kuliko mapigano, kwani watu walianza kusema kuwa sasa Mwingereza ndiye bwana wa nchi. Keppetipola alikatwa kichwa Novemba mwaka huo. Davy hakuwa mtawa wala mtunga nyakati wa ikulu, na kwa hiyo anawajibu wale wasemao kwamba nguvu ya jino ni hadithi iliyotungwa baadaye na watu wa hekalu.

Baada ya hapo serikali ya mfalme Mkristo ikawa mlinzi wa jino: ikaweka walinzi, ikashika ufunguo, ikagharimia sherehe. Wamisionari walikasirika. Spence Hardy alichapisha kijitabu mwaka 1839 kuishutumu serikali kwa kufadhili ibada ya sanamu, na London ikaanza kushinikiza. Katika miaka ya 1840 na mwanzoni mwa 1850 serikali ilijitoa hatua kwa hatua, ikiwa imeogopeshwa katikati na uasi wa 1848, na mwishowe amana ikawa ya watu watatu: mtawa mkuu wa Malwatta, mtawa mkuu wa Asgiriya, na mlei aitwaye Diyawadana Nilame, ambaye siku hizi huchaguliwa kila baada ya miaka 10. Mahujaji wanaopanga foleni wakati ngoma na zumari zinapolia, asubuhi na jioni, hawalioni jino. Wanaona kasha la dhahabu la umbo la stupa, na ndani yake kuna makasha mengine, moja ndani ya jingine.

Wanasiasa wa Sri Lanka huru wameisoma historia hii vizuri, pengine kupita kiasi. Waliochaguliwa hupanda Kandy kutoa heshima, na mwaka 2015 Rais Maithripala Sirisena alilihutubia taifa kutoka kwenye kibanda cha pembe nane cha hekalu, alichojengewa Sri Vikrama kusimama mbele ya raia. Wapinzani wa dola nao walijua pa kugonga. Tarehe 25 Januari 1998 lori la mabomu la waasi wa Kitamil lililipuka mbele ya hekalu, siku chache kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru zilizopangwa kufanyika hapo. Watu waliuawa, na sherehe zikahamishiwa Colombo. Wapo wanaolitwaa jino kuwa alama ya kabila moja, na mwezi Machi 2018, katika wilaya hiyo hiyo ya Kandy, makundi ya watu yalichoma maduka na misikiti ya Waislamu hadi hali ya hatari ikatangazwa. Anayetaka kulifanya jino mali ya Wasinhala peke yao ana kazi ya kuwaeleza wafalme wa Nayakkar, miaka 76 ya utawala wa watu wa Madurai chini ya paa lile lile. Ni mkataba wa Waingereza uliotangaza kwamba ukoo huo hauruhusiwi tena kukanyaga nchi. Machifu waliotia saini siku ile, baadhi yao kwa herufi za Kitamil, walikuwa wameutumikia maisha yao yote. Na msafara wa Esala unaotazamwa leo na maelfu, kasha mbele na miungu nyuma, unafuata mpangilio uliowekwa na Kirti Sri, aliyekuja kisiwani kutoka India akiwa kijana.